Nafasi ya Mtu wa Mbele

Mpendwa Mutua, mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, na ujumbe wangu unausoma bila kujibu. Ndiyo maana nakuandikia hapa gazetini, ambapo wenzako wa kambini wataiona barua hii kabla yako na kukuuliza kama huyu dada ni wako. Waambie ndiyo. Utakasirika, najua. Kasirika, lakini soma hadi mwisho, kwa sababu mwisho wa mwezi unatia sahihi mkataba mpya, na ukishatia, barua hii haitakuwa na kazi tena.

Unalikumbuka lile boksi ulilokuja nalo likizo ya kwanza, baada ya kutoka jeshini na kuajiriwa na ile kampuni ya kutegua mabomu ya ardhini? Nilidhani ni viatu. Kumbe ni wanajeshi wa plastiki, wahandisi wa Vita vya Pili vya Dunia, kila mmoja na urefu wa kiungo cha kidole gumba, mikono huku, vichwa kule, vyote vimeshikana kwenye fremu. Ulinieleza kwamba kuna watu wazima, wenye kazi na familia, wanaowaunga na kuwapaka rangi, kisha wanawapanga mezani na kupigana tena vita vya zamani kwa kurusha dadu. Wewe hukutaka kupigana. Ulitaka nione kazi yako ilivyo: mtu wa kutafuta bomu, mtu wa kukata seng'enge, mtu wa kubeba mbao za daraja.

"Wewe ndio fundi wa brashi, sista," ulisema. "Mimi nitaunga, wewe upake."

Mimi ni mchoraji wa mabango, Mutua. Nilianza huku mjini, mtaa wa River Road, na brashi moja na ngazi ya kuazima, hadi nikapata duka langu la mabango ghorofani. Nimeishi kwa kupaka herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Halafu unaniletea jicho dogo kuliko chembe ya chumvi.

Lakini tulifanya. Jumamosi za likizo ulikuwa unakuja nyumbani kwangu, hapo nyuma ya maduka ya Adams Arcade, unakata vipande kwa wembe, unasugua kwa msasa ule mstari unaoachwa na kalibu, unagundisha mikono ukiwa umeziba pumzi. Mimi nilichanganya rangi ya ngozi. Kwenye picha ya boksi walikuwa wazungu, nikasema hapa kwangu watakuwa watu wetu, maana hata wetu walikuwepo vitani na hakuna anayewaweka kwenye boksi. Rangi ya kahawia, na tone la ile rangi nyekundu wanayopaka vyuma kuzuia kutu. Pua ndizo zilitushinda. Mmoja ulimchonga ukapitiliza, akabaki na uso kama kijiko, na Kijiko likawa jina lake. Tukampa mbao za daraja abebe akiangalia chini.

Kisha ukataka nyuso za timu yako. Ulinionyesha picha kwenye simu. Wa mbele, mwenye kifaa cha kutafutia mabomu, alikuwa Barasa, yule mcheshi wenu mwenye masharubu membamba. Niliyachora kwa unywele mmoja wa brashi. Nyuma yake ulikuwa wewe, na utepe mweupe wa kuonyesha njia iliyo salama.

Nilipowapanga kwenye ubao walikuwa wamekaribiana, na walipendeza. Ukawatazama, ukatikisa kichwa.

"Hapo umeua wawili, sista. Huyu akikanyaga, wa nyuma anaenda na yeye. Wape nafasi."

Nikakuuliza nafasi gani. Ukasema huko kazini kwenu ni mita ishirini na tano kati ya mtu na mtu. Nikakuambia hawa ni wa vita vya zamani, hawakuwa na sheria zenu. Ukajibu kwamba ndiyo maana wengi hawakurudi. Basi nikapiga hesabu: mtu mmoja wa hapa ni sehemu moja ya sabini na mbili ya mtu wa kweli, kwa hiyo mita zako ishirini na tano zinakuwa sentimita thelathini na tano. Ubao wangu wa mita moja ungetosha watu watatu tu. Nilinunua mwingine mrefu, ukavuka meza hadi kwenye kiti. Mke wako Ndinda alipoona aliuliza, "Kwani hawa wamekosana?" Tulicheka sote, hata wewe.

Julai ilipofika nikapuliza vanishi ili rangi isitoke. Manyunyu yalikuwa nje na dirisha lilikuwa wazi. Sikujua kwamba vanishi ya kupuliza haitaki hewa ya baridi yenye maji. Muda mfupi tu, na kikosi kizima kikawa cheupe, kama watu waliofukuliwa kwenye majivu. Nilidhani utanicheka. Badala yake ulimchukua Barasa ukamweka kiganjani, ukaniomba nianze na huyo. Niliwapitishia mafuta ya kupikia kidogo kidogo kwa brashi na rangi zikarudi, isipokuwa kwake, kwenye macho na masharubu. Ukungu ulibaki. Hukumaliza chai yako siku hiyo. Leo ndipo naelewa kwamba mtu wa rangi ile, wa vumbi la mlipuko, ulikuwa umeshamwona mahali.

Halafu juzi juzi ukapiga simu, sauti ya chini. "Sista, nimepata nafasi."

Mutua, hapa mjini nafasi ndiyo kitu kila mtu anatafuta. Nilisikia cheo. Nilisikia ofisi. Nikampigia mama kijijini, na Jumapili akasimama kanisani akatoa shukrani mbele ya watu wote.

Wiki iliyofuata Ndinda akanikuta kwenye duka moja la Adams Arcade. Hakunisalimia. Akauliza kama najua Barasa yuko Upper Hill. Nikadhani naye amepata kazi huko kwenye maghorofa ya ofisi, nikasahau kwamba hospitali kubwa pia iko huko, nikasema Mungu ni mwema. "Amelazwa," akasema.

Tulienda. Blanketi lake lilikuwa limelala tambarare chini ya goti la kushoto. Bado ana mzaha. "Wewe ndio yule dada wa brashi? Mutua alituonyesha picha. Hapo mezani niko na miguu mingapi?"

Nikamwambia miwili.

"Basi usiguse kitu."

Ndinda alitoka nje. Mimi nikabaki nikitafuta neno la kumpa Barasa moyo, nikamwambia angalau wewe umepata nafasi. "Hiyo ni yangu," akasema. "Mimi ndio nilikuwa mbele."

Akanieleza kwamba hakukosea. Mahali pale palikuwa pameshasafishwa mabomu. Mafuriko yalipita yakahamisha mabomu kutoka ng'ambo ya mto, yakayalaza chini ya njia mliyoitia utepe kwa mikono yenu. "Hiyo ardhi saa hii hakuna mtu anaijua," akasema. "Hata mimi sikuijua."

Sasa nisikilize. Kwenye meza yangu neno nafasi lilikuwa na maana moja, ya mtu na mahali anapokanyaga, na wewe ndiye uliyenifundisha. Ulijua nitasikia ile nyingine, ya cheo, ukaniacha niisikie. Ulimwacha mama ashukuru kwa mguu wa Barasa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko safari zako zote.

Hesabu nazijua, usinidanganye kwa hesabu. Zile mita ishirini na tano zinamlinda anayefuata. Zilikulinda wewe, ndiyo maana una mkono wa kutia sahihi. Wa mbele hana mita zinazomlinda. Ana bahati tu, na huko mnakofanya kazi mvua bado zinanyesha.

Sikuiti nyumbani kwa huruma. Kwenye duka langu kuna stika za kukata, kazi ya wembe, na mimi sijapata mtu mwenye mkono uliotulia kama wako. Utanung'unika kwamba unaamrishwa na dada. Utanung'unika ukiwa umesimama kwa miguu yako.

Mama ananiuliza kila mara kazi mpya ya mwanawe ni ya namna gani. Nimekuwa nikibadilisha mazungumzo, nikiuliza habari za mbuzi. Sitaweza tena. Na yeye hasomi gazeti, kwa hiyo bado hajui. Ukiamua kutia sahihi, kabla hujaishika kalamu mpigie wewe, umwambie kwa maneno ambayo hawezi kuyasikia vibaya: "Mama, aliyekuwa mbele amekatika mguu, na mimi nimekubali kutembea mahali pake." Kisha usikate simu mpaka yeye akate.

Nakuaga nikiwa nimekukasirikia, na simu iko wazi,

Dada yako mkubwa.