Deli Lenye Spika na Maziwa ya Mjukuu Wangu

Jumatano, Visiga. Jua la leo lilikuwa la kuanikia hata maneno. Kuku wangu wameshinda wamejibanza nyuma ya simtanki la maji wakihema kwa midomo wazi. Sasa hivi kidogo kumepoa, mtoto kalala, na mimi moyo wangu haujapoa hata kidogo.

Nina hasira na deli, lile sanduku la kutunzia vitu vya baridi.

Nianze mwanzo, maana wengine mnaingia humu leo. Binti yangu Salma ni afisa kilimo. Anafanya kazi Kisarawe, ana meza yake na kiti cha kuzunguka. Mimi shule niliishia la saba kule Kondoa, lakini nimemzaa mtu ambaye wazee wa mikorosho wanampisha kivulini akija kuwaeleza habari za dawa. Mnasema najisifu? Sawa. Mimi nikijisifu nina ushahidi, anapita hapa barabarani kila asubuhi.

Salma amejifungua. Nuru, mjukuu wangu wa kwanza, ana miezi mitatu na mashavu kama maandazi ya iliki. Baba yake Nuru anafanya kazi Mtwara, kwa hiyo mtoto na mama yake wako kwangu. Likizo ya uzazi imeisha, Salma amerudi kazini wiki hii. Na hapo ndipo kazi ilipoanza, maana Nuru hanywi kingine zaidi ya maziwa ya mama yake, na mama yake anashinda Kisarawe. Akiba aliyogandisha wakati wa likizo inaishia leo, kwa hiyo anayoyakamua ofisini leo ndiyo chakula cha mtoto kesho. Yakiharibika njiani, mtoto hana cha kunywa. Ndiyo hesabu yote, haina kona.

Basi ofisini kwao kuna mwenzake ananunua vitu kwenye simu. Ana deli moja anataka kumuuzia Salma, akamwambia kalijaribu kwanza. Salma kaja nalo jana jioni analivuta kwa mpini kama mtu katoka uwanja wa ndege.

Jamani. Hilo deli lina magurudumu. Lina spika ya muziki. Lina taa za buluu zinazozunguka mfuniko. Lina mahali pa kuchajia simu, kifungulia soda, kibao cha kukatia ndimu na kisu chake, na juu kabisa limepandikiziwa kiblenda. Nikamuuliza Salma choo kiko upande gani.

Yeye anacheka. Mimi nikalizunguka kama mtu anayekagua mbuzi wa akika. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hili wamelifungia kabisa na magurudumu lisichoke. Nikaligonga ubavuni. Madeli yale ya wauza maji pale kituoni ukiyagonga yanajibu zito, pu. Hili likajibu kama debe. Nikamwambia, "Salma, ukuta wake ni mwembamba."

"Mama, wameandika linatunza baridi kutwa nzima."

"Wameandika akina nani?"

"Wanaoliuza."

Wakati mwingine mtu ukimwacha na jibu lake mwenyewe analisikia. Huyu hakulisikia.

Leo alfajiri tumelipanga pamoja. Ndani ni padogo! Kwa nje ni sanduku la bibi harusi, ndani ni kikapu cha mayai. Betri imekaa, spika imekaa, mitambo ya blenda imekaa, barafu ikawa mgeni asiye na kiti. Nilikuwa nimegandisha chupa tatu kubwa za maji. Ikaingia moja, tena kwa kulazwa. Nikasema mwanangu, hapa pana jambo. Akasema mama, una wasiwasi na kila kitu, hata mashine ya kufulia uliishuku. Ni kweli niliishuku. Na ilitafuna kanga yangu.

Akaondoka nalo.

Mchana akapiga Bi Tatu. Huyu ndiye mkwe wangu, mama yake mume wa Salma. Ni mtu wa Kisarawe haswa, wazee wake wamezikwa hukohuko. Nyumba yake na ofisi ya Salma ni mwendo wa kutembea huku unakula muhindi wa kuchoma. Tangu wiki iliyopita anasema mtoto na mama yake wakae kwake siku za kazi, Salma awe anachomoka kumnyonyesha, na kwangu waje mwisho wa wiki. Mimi nimekataa. Nimesema Nuru kashaizoea hewa ya Visiga.

"Mkwe, mtoto ameshiba?" ndivyo anavyoniuliza kila siku.

"Ameshiba sana, mkwe wangu."

"Haya. Mimi kitanda nimeshakitandika, kinangoja."

Sauti tamu kabisa. Watu wenye sauti tamu hivyo mimi huwa nawaangalia mikono. Nilikuwa nawaza, huyu mtoto akikaa kwake mwezi tu, atakuja hapa ananililia mimi kama mgeni.

Sasa jioni Salma amerudi. Nimemuona tangu getini, uso umemshuka. Kumbe pale stendi ya Kisarawe, wakati anasubiri gari, deli limebanwa kitufe na begi lake. Taa zikawaka, spika ikaanza kupiga muziki. Na ninyi mnajua, huku kwetu mtu akisimama stendi na deli, huyo anauza. Akaja dereva wa bodaboda, "Dada, nipe soda ya baridi." Akaja mwingine anataka maji. Salma anasema siuzi, wao wanaona anaringa. Mmoja akamwambia, "Kama huuzi, disko la nini?"

Kwa aibu akafungua mfuniko waone hakuna soda. Bodaboda akachungulia, akaona zile chupa ndogo nyeupe. "Ahaa, mtindi! Basi nipe huo huo."

Afisa kilimo wangu! Amesimama stendi anaombwa mtindi wa kifuani mwake!

Nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Na yeye akaanza kucheka. Kisha nikafungua deli, na kicheko kikaisha.

Ile barafu ilikuwa maji. Si maji ya baridi, maji ya kuogea mtoto. Nikagusa chupa za maziwa, vuguvugu. Nikapitisha kiganja upande wa betri, kuna joto kama paja la mtu mwenye homa. Yaani wameweka jiko na barafu chumba kimoja halafu wakaandika kutwa nzima.

Nesi wa kliniki alishatuambia, maziwa yaliyoshinda kwenye joto mtoto asipewe. Salma anajua, mimi najua. Tukatazamana.

Mama yangu alinifundisha maziwa ya mama hayamwagwi pa kukanyagwa, wala chooni. Nikazichukua zile chupa nikaenda nyuma, kwenye shina la mgomba, nikayamimina taratibu. Mwanamke anakamua amejifungia stoo ya ofisi huku wenzake wanakula chakula cha mchana, halafu mama yake anammwagia. Nimemwaga vitu vingi maishani. Hivi vimeniuma mkono.

Salma alikuwa kasimama mlangoni, Nuru yuko kifuani ananyonya kwa pupa, hajui lolote.

"Mama, kesho atakunywa nini?"

Nikazisuuza zile chupa tupu, moja moja.

Nimekaa hapa nafikiria. Deli nimelishuku tangu lilipovuka geti. Ukuta nimeugonga, barafu nimeihesabu, maneno ya muuzaji nimeyakataa. Sasa kwa nini asubuhi nililifunga kwa mikono yangu nikamkabidhi? Kwa sababu kama deli hili halifai, na yale mazito ya kituoni Salma hawezi kuyabeba kila siku garini, jibu lililobaki lilikuwa moja, na sikulitaka. Nilitaka plastiki yenye spika inibakizie mjukuu. Mimi na ujanja wangu wote, nimekagua kila kitu isipokuwa hicho.

Wanaouliza kama wanunue, nawaambia hivi. Kama mnakwenda ufukweni kupiga picha, nunueni, zile taa zinapendeza. Kama kuna kitu cha kutunza, bonyezeni ukuta kwa dole, tazameni mpira wa mfuniko, ulizeni barafu inakaa wapi. Kinachojua kazi saba, hiyo moja uliyokitafutia kitaiombea ruhusa. Salma kesho anamrudishia mwenyewe.

Halafu nikavaa moyo wa chuma nikampigia Bi Tatu. Nikamwambia, mkwe, kile kitanda.

Nikasema moyoni, sasa atanicheka. Akasema, "Waje hata kesho. Na wewe uje nao, mkwe. Ila huku hawakujui, itabidi uwatangazie mwenyewe kwamba una mtoto afisa."

"Nitawatangazia," nikamjibu.

Lakini bado namshuku. Miezi mitatu hii, asije akaanza kumkorogea mtoto uji eti analia njaa. Na kile kitanda kina chandarua? Mlango wake unafungwa vizuri? Hayo siwezi kuyajua nikiwa Visiga. Kuku nimemwachia jirani, mama Ester, na yeye nimemwambia mayai nayajua idadi.

Bi Tatu nimemwambia nakuja kwa siku mbili tu, mtoto azoee. Begi nimelifunga sasa hivi, na Salma amelinyanyua akaguna kwa uzito, kisha akaniuliza siku mbili hizo ni za kalenda ya nani.