Huo Si Mfuniko, Baba Neema

Temple Hills,
Jumamosi, saa mbili asubuhi

Mama Neema, mke wangu mpendwa,

Shuleni misheni tulifundishwa kuanza barua kwa kumjulia hali anayeandikiwa. Uniwie radhi, leo siwezi. Wala sina mazoea ya kukuandikia wewe, ambaye kwa miaka thelathini na minne niligeuza shingo tu nikakuambia. Nakuandikia kwa sababu binti yetu anakuja saa nne kulichukua gari lako, na liko jambo ambalo sijamwambia. Nimeona nianze kwako, huenda mdomo ukazoea.

Ni kuhusu zile shokapu za nyuma.

Unakumbuka jinsi Fahali alivyoanza kuinama mkia. Gari lile la kijani la milango miwili, uliloachiwa na yule bibi mzee wa kule Sterling uliyemtunza hadi siku yake ya mwisho, halikuundwa kubeba masufuria. Vijana wa hapa Marekani huyanunua magari ya namna ile, yenye silinda nane, ili washindane mbio. Wewe ulilibebesha pilau. Palipotokea msiba, Adelphi au kokote, sufuria mbili kubwa na gunia la mchele viliingia kwenye buti, na akina mama wa kwaya wakisikia mngurumo walisema, "Fahali amefika, leteni sahani." Nami, kwa kuona mkia unakaribia kusugua lami, nikafunga shokapu za upepo, zile zinazojazwa kwa pampu kama tairi. Mkia ukainuka. Nikajisifu mbele ya wanaume wenzangu baada ya ibada, kwa majivuno ambayo sasa yananiaibisha.

Nilikosea, mke wangu. Mzigo wa gari hubebwa na springi. Shokapu kazi yake ni kulituliza gari lisirukeruke, na pale juu inapofungwa, chini ya sakafu ya buti, pana bati jembamba lisiloweza kuinua uzito wote ule. Mimi nililishurutisha.

Wewe ulisikia kabla yangu. Tulikuwa kwenye Beltway, ile barabara kuu inayouzunguka mji, tunarudi nyumbani, ukasema, "Baba Neema, kuna kitu kinagonga." Nikakujibu kwamba ni mfuniko wa sufuria. Ukasema kwa ile sauti yako ya kutotaka ugomvi, "Huo si mfuniko, Baba Neema. Mifuniko nimeifunga mwenyewe kwa kanga." Nikaongeza sauti ya redio.

Na mgongo wako nao. Ulipoanza kuulalamikia nilikuambia ni uchovu wa zamu za kazi. Sijui nilisema hivyo mara ngapi kabla daktari hajatuambia kwamba tumechelewa. Niruhusu nisiendelee na hilo.

Siku ya mazishi yako wenzako walipika Adelphi, nami nikashikilia kwamba chakula kije kwa gari lako. Karibu na nyumbani nilipita kwenye shimo, nikasikia chuma kikipasuka. Nikasema kwa sauti, nikiwa peke yangu, "Ni mfuniko."

Wiki iliyofuata nililala chini ya gari, nikaona. Bati limechanika upande wa kulia, ufa mrefu kama kidole changu, na tundu la bolti limetanuka. Nikafunika kwa kipande cha chuma, nikakaza, nikapaka rangi nyeusi. Huko hakukuwa kutengeneza. Ulikuwa umesema gari ni la Neema, nami sikuthubutu kumkabidhi mwanao kitu chako pekee nikikiri kwamba nimekiharibu kwa mikono yangu.

Leo anahamia Carolina Kaskazini, mwendo wa saa tano na zaidi. Upendo, mjukuu wako, atakaa kiti cha nyuma. Shokapu ile ikiachia inaweza kutoboa sakafu, inaweza kukata bomba la breki. Nitamwambia Neema akifika, kabla hajavua koti.

Wamefika. Ni mapema kuliko walivyosema. Nisamehe.

Saa kumi na mbili jioni

Sikumwambia.

Niandike ukweli, maana hukupenda nizungukezunguke. Alinikumbatia, akaanza kupakia. Kila nilipofungua kinywa nilimkaribisha chai. Mara tatu, Mama Neema. Mara ya tatu akasema, "Baba, nitajaa chai kabla sijaiona barabara." Akaileta sufuria yako kubwa na mfuniko wake, akasema hawezi kuwa na jiko lisilo na sufuria ya mama. Nikaishika sikio moja, tukaiingiza kwenye buti. Mkia ukashuka. Akachukua pampu akajaza upepo, kama nilivyomfundisha mwenyewe, nami nikasimama nikitazama mkia ukiinuka.

Upendo akafungwa mkanda, akanipungia mkono. Neema akarudisha gari nyuma, tairi likashuka kwenye ukingo wa njia yetu, kitu kikagonga. Akasimama. Akashusha kioo.

"Baba, ni nini hicho?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Safari hii mfuniko ulikuwamo kweli, tena haukufungwa, na angeniamini. Nikasema, "Si mfuniko." Maskini, hakuwa ametaja mfuniko wowote. Nikasema, "Zima gari. Mtoe mtoto."

Nilimweleza yote pale pale njiani. Alinijibu kwa Kiingereza, kama afanyavyo akikasirika. Aliuliza nimejua tangu lini. Nikamwambia, tangu mazishi. Akauliza kama kweli ningewaacha waende. Nikasema, "Nilikaribia." Akamshika mtoto mkono, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nikapiga namba ya peja, kile kidude cha kuitia watu kinachokaa kiunoni mwa Kamau, yule fundi Mkenya wa Adelphi uliyekuwa ukimlisha kwenye misiba hata ya watu asiowajua. Alikuja, akainua gari kwa jeki, akaliwekea stendi, akaingia chini. Aligonga kwa bisibisi mara moja tu, kipande changu kikaning'inia.

"Mzee," alisema akiwa huko chini, "hii gari imekuwa ikishikiliwa na rangi na maombi. Nani alifanya hii kazi?"

"Mimi."

"Aki pole, mzee. Ningejua singesema."

"Sema tu, mwanangu."

"Basi ni kazi mbaya sana."

Sikujua kwamba Neema amesimama nyuma yangu. "Nionyeshe," alisema, kwa Kiswahili. Akalala chini na koti lake zuri, nami nikalala upande wa pili, nikammulikia ufa kwa tochi. Akaupima kwa kidole.

"Mama alijua?"

"Mama alisikia. Mimi ndiye sikusikiliza."

Nadhani alielewa kwamba sizungumzii gari peke yake.

Hajanisamehe, wala sijamwomba afanye haraka. Wameondoka kwa basi la saa kumi. Upendo alinibusu, mama yake alinipa mkono. Lakini sufuria ameiacha jikoni. Alisema, "Utaniletea mwenyewe, gari likiwa zima."

Sasa nakuahidi, mke wangu. Kamau atakata bati lote lililochanika na kuchomelea jingine nene. Springi mpya ndizo zitakazobeba mzigo, na shokapu zitakuwa za kawaida. Rangi haitapakwa hata tone kabla Neema hajaona kazi kwa macho yake. Kisha nitamletea sufuria, polepole, na nikisikia lolote nitaegesha pembeni, nilale chini, nitazame kwanza. Na mtu wangu akiniambia anaumwa, nitamuuliza wapi.

Pumzika, Mama Neema. Kanga yako nimeifua. Nitaufunga mfuniko kwayo vizuri, kama ulivyokuwa ukifunga wewe, ili kitu kikigonga tena nisiwe na cha kusingizia.

Mumeo mwenye kukuomba radhi,
Elieza