Kushuka Mamba kwa Gia

Mchafukoge, Dar es Salaam
10 Novemba 2024

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko Mamba mlimani na baridi yenu? Miguu imepunguza kuuma? Sisi wazima, ila joto linatupika. Goodluck ananyonya usiku kucha, kwa hiyo ukiona mwandiko umeenda kombo, ujue nimesinzia.

Naandika kwa sababu kwenye simu hunisikii vizuri, na jambo hili sitaki kulipigia kelele wapangaji wakasikia. Ni mwanao Elisaria na lile lori lake dogo, Kenta. Akishuka na tangawizi kutoka huko kwako anatoa gia, anaweka nyutro, gari linajiendea mteremko mzima, yeye ni breki tu. Anasema anabana dizeli.

Mama, mimi nauza spea hapa Kariakoo. Pedi za breki ambazo wenzake wanakaa nazo mwaka, yeye anazimaliza kati ya masika na vuli. Za mwisho zilikuja chuma kinasugua chuma. Fundi wetu Abdulkadiri alimweleza: gari likiwa kwenye gia na mguu umeutoa kwenye mafuta, matairi ndiyo yanazungusha injini, haili kitu. Ukiweka nyutro lazima inywe, isije ikazimika. Mwanao akacheka. "Abdul, wewe mlima umewahi kuuona?"

Krismasi anataka atupakie wote tuje kumbatiza Goodluck. Kupanda siogopi. Kushuka na wanangu ndiko kunaninyima usingizi ule kidogo niliobakiwa nao. Tafadhali zungumza naye. Wewe anakusikia.

Mkweo,
Mama Brightness


Mamba
19 Novemba 2024

Mama Brightness,

Marahaba. Bwana asifiwe. Sukari uliyotuma imefika. Miguu ni ile ile.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekasirika. Marehemu baba yake aliendesha lori la ushirika miaka ile ya uhaba, dizeli inatolewa kwa kibali. Alishuka mlima huu injini imezimwa kabisa, na hakuna aliyekufa. Elisaria alijifunza kwake. Sasa nimwambie baba yake alikuwa mjinga? Nyie wa mjini mnaogopa hata jongoo.

Mchungaji ameshapanga tarehe. Mje.

Mama yenu


Mchafukoge
25 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na hasira imepoa kidogo. Mimi sina hasira, nina woga.

Sijasema baba alikuwa mjinga. Alizima injini kwa sababu dizeli haikuwepo. Elisaria anayo, kila kona kuna kituo. Na si mlimani peke yake. Hapa kutoka Mnazi Mmoja mpaka sokoni anakanyaga mafuta kama anafukuzwa, mbele kuna mkokoteni, anabana breki, anaondoka tena kwa fujo. Ile dizeli yote inaishia kuwa moto kwenye breki. Nikimwambia aachie mguu mapema gari lipungue lenyewe, ananiuliza leseni nimepata lini.

Ameondoka jana kuja huko, Alhamisi atapakia tangawizi. Naomba kitu kimoja. Panda naye gari mpaka chini. Usiseme neno, kaa tu. Ukiona nimesema uongo, nitakuja na watoto na nitakuomba radhi mbele ya watu. Ukiona ni kweli, wanangu hawashuki na gari hilo. Hilo nimeshaamua, anune asinune.

Mkweo,
Mama Brightness


Dukani kwa Celina, chini ya mlima
28 Novemba 2024

Mwanangu Mama Brightness,

U mzima? Wajukuu wangu je? Naandikia hapa dukani. Elisaria anakunywa chai na haniangalii. Barua nampa yeye mwenyewe, na sijaifunga.

Nilipanda. Sikusema neno. Tulipolipita kanisa akatoa gia, gari likawa kimya. Kimya kile nakijua, nikamkumbuka marehemu, karibu nitabasamu. Kisha likaanza kukimbia. Kona ya pili ikaja harufu kama pasi iliyosahaulika juu ya nguo. Nikamtazama mguu, anakanyaga breki mara mbili mbili. Anatoka jasho, na huku ni baridi.

Nikamwambia simama. "Mama, hapa hapasimamiki." Nikasema simama, hata kwa kuegemea mlima. Akaliegemeza kwenye ukingo likatulia. Nikashuka.

Tulisubiri mpaka moshi ukaisha. Halafu nikatangulia mbele ya gari kwa miguu hii hii. Nikamwambia weka gia, nifuate, likikushinda utamgonga mama yako. Watu wakatoka mashambani wakidhani ni msiba. "Mama Elisaria, mnamsindikiza nani?" Nikawajibu nafundisha udereva. Nilipochoka akanipandisha, na gia hakuitoa mpaka hapa chini. Nimeshika gurudumu: lina joto la mtoto aliyeamka usingizini, si zaidi.

Mchungaji nitamwambia asubiri. Lakini kutoka hapa mpaka Dar siwezi kumtangulia. Niandikie akifika.

Mama yako,
Bibi Brightness


Mchafukoge
30 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo, na pole sana na miguu. Ichue na maji ya moto, usifanye ukaidi.

Amefika. Barua amenipa mkononi, akasimama mlangoni mpaka nikamaliza kuisoma. Nikambeba Goodluck mgongoni nikashuka kuangalia mshale wa dizeli. Imebaki nyingi kuliko safari zake zote za nyutro. Nikamwita aje aone. Akaona.

Ila safari moja haijanitoa woga. Nimemwambia kuja tutakuja na basi, yeye atangulie na gari lake. Kushuka nitaamua huko huko, asubuhi ya safari, baada ya wewe kunieleza amelishushaje siku zote atakazokuwa hapo. Amenuna mpaka jioni.

Usiku huu ameniuliza kama watoto wana masweta.

Mwambie mchungaji asibadilishe tarehe.

Mkweo,
Mama Brightness