Sumu Hatuna, Tuna Dawa

Shangazi Somoe,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini nikianza bila salamu utaninunia hata huko uliko.

Wiki hii nilikuwa kwenu, bondeni nyuma ya Mingoyo, kwa kazi ya gazeti. Mtafiti mmoja, dada kutoka chuoni, alikuja kuchunguza kama viuatilifu vya mikorosho vinaingia kijitoni na kuwadhuru wale perege wadogo tuliokuwa tukiwavua kwa kanga yako kuukuu, mimi nimeshika pindo huku, wewe kule. "Usikohoe," ulikuwa ukininong'oneza, "hawa wana masikio kuliko majirani." Sasa wamebaki wachache. Wataalamu wanasema aina hiyo haipatikani nje ya vijito vya huku, na iko hatarini kutoweka.

Mtafiti aliwauliza wakulima, "Mnatumia sumu gani mashambani?"

"Sumu?" akasema mwanao Saidi. "Tumuue nani? Labda huyu binamu yangu mwandishi. Sumu hatuna."

Watu wakacheka. Dada akaanza kufunga begi. Pasipo na sumu hapana cha kupima, na vijito vingine vilimngoja.

Nikakukumbuka umeinama pale kijitoni, ukisuuza bomba la kupulizia, maji meupe yakikuzunguka vifundoni. Nilipokuuliza kama hayana madhara, ulinijibu, "Ingekuwa mbaya wasingeiita dawa."

Nikamgeukia Saidi. "Na dawa je, binamu?"

"Ah, dawa! Dawa tunayo tele. Bila dawa utaokota korosho au majani?"

Akatupeleka mwenyewe hadi pale ulipokuwa ukisuuzia. Naye husuuzia papo hapo. Dada akajaza chupa maji, akavua perege wawili, akawatia kwenye barafu. Hapo ndipo Saidi alipoelewa.

"Dawa ikipigwa marufuku, wanangu watakula nini? Ukiandika haya, usikanyage kwangu."

Ana haki ya kuuliza. Korosho ndizo zilizonisomesha, na wewe ndiye uliyezipulizia. Lakini perege hana kijito kingine cha kuhamia.

Kama dawa ndiyo inayowamaliza, bado sijui. Majibu yakija nitayaandika yalivyo. Yakiitoa dawa hatiani, nitasema hivyo. Yakisema ni sumu, nitaandika sumu, na gazeti nitampelekea Saidi kwa mkono wangu. Atafoka, namjua. Akimaliza kufoka ataniuliza bomba akalisuuzie wapi.

Hilo nimeshamuuliza mtafiti.

Mungu akurehemu, Shangazi.

Mtoto wa kaka yako