Krismasi Kwangu, kwa Amri ya Mama

Jumapili, 15 Desemba

Mama kapiga simu nikiwa wodini, glavu bado mkononi. Krismasi mwaka huu iwe kwako, anasema. Hakuuliza. Kwake paa linavuja, kwa Kaka wanapaka rangi, na mimi nina sebule kubwa na "huna mtu wa kumsumbua". Huna mtu! Nikamuuliza, na wale wawili nao? Anajibu: wote ni watoto wangu, mwanangu, yaishe.

Yaishe. Kama mafua.

Wale wawili ni mdogo wangu wa tumbo moja na Fundi. Fundi wa mafriji, aliyekuwa mume wangu. Alianza kwenda kwa mdogo wangu kumtengenezea friji. Friji gani linaharibika kila wiki? Na mimi nilikuwa namfungashia chakula cha kwenda nacho, maskini, asishinde njaa kazini!

Nimemwambia Mama sawa. Waje. Nataka waone kwamba sijafa.

Jumatano, 18 Desemba

Kaka kaja kukagua nyumba. Ni mwalimu mkuu. Popote anapoingia ni ukaguzi. Vyoo sawa, viti havitoshi, pazia lifuliwe. Kisha akasimama mbele ya picha ya mwanangu ukutani. Ile ambayo mdomo umejaa keki na macho yamefumba kwa kicheko. Akasema ingekuwa busara kuishusha siku hiyo, watu wasije wakajisikia vibaya.

Watu! Mimi mkunga, nimepokea watoto nusu ya mji huu, huyo mmoja wangu homa ikamchukua kati ya Ijumaa na Jumapili. Halafu wao wajisikie vibaya.

Nilipoenda kumletea chai akaishusha mwenyewe, akailaza kifudifudi juu ya kabati. Sikubishana. Alipoondoka nimeitundika upya, ukuta mwingine. Nimekaa kiti kwa kiti kupima. Atakayekaa pale karibu na mlango wa jikoni hatakuwa na pengine pa kutazama. Hapo patakuwa pa Fundi.

Jumamosi, 21 Desemba

Shangazi kapiga. "Nakwambia mapema usije ukamwaga mchuzi," anasema. "Mdogo wako mjamzito. Tumbo hilo!" Wanajua wote. Tangu mvua zilizopita wanajua. Mama, Kaka, mke wa Kaka, mpaka jirani yao. Walikuwa wananisubiri nipoe. Mimi ni uji?

Nilimshukuru kwa taarifa. Kisha nikaenda kukodi viti. Kimoja mguu wake unacheza. Nimekitenga peke yake uani. Najua nimemtengea nani.

Jumatatu, 23 Desemba

Nimekirudisha kile kiti. Si kwa huruma. Ningeulizwa.

Jumanne, 24 Desemba

Mama yuko hapa tangu asubuhi, kakaa jikoni kama hakimu, hagusi kitu. Vitunguu vikubwa mno. Nyama ichemke zaidi. Kisha kaonja kuku, kafumba macho. "Ungekuwa unapika hivi enzi zile," anasema, "labda."

Labda. Nikaendelea kumenya viazi. Nilivimenya mpaka vikabaki kama njugu.

Halafu ndipo likatoka lililomleta. Mdogo wangu anaogopa hospitali, wauguzi wa siku hizi wana midomo. Kwa hiyo baada ya sikukuu atabaki kwangu, ajifungulie mikononi mwangu. Mikono yako haina mfano, anasema. Na mtoto ndiye atakayewapatanisha.

Kumbe! Paa halivuji wala nini. Rangi hakuna. Wameniletea mgonjwa, wakamfunika na sikukuu.

Nikamwambia, Mama, mimi nimechoka. Akasema, umechoshwa na nini, na huna mtoto wala mume?

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo anavyoona.

Jumatano, 25 Desemba, asubuhi

Meza tatu zimeunganishwa, vitambaa vyeupe. Gauni jekundu. Nimependeza, Mungu anisamehe.

Jumatano, 25 Desemba, jioni

Niandike yote sasa, kama yalivyokuwa.

Walifika kwa mkupuo, watu ishirini na ushee, sebule ikawa stendi. Fundi kanenepa. Kasimama mlangoni na kreti la soda, namwona anatafuta aniite nani. Akapata. "Habari za siku, shemeji."

Shemeji!

Shangazi kacheka mpaka kashika ukuta. Wengine wakaona kumbe inachekwa, wakacheka nao. Hata mimi. Nikamwambia karibu, shemeji, chooni unapajua.

Mdogo wangu nyuma yake, uso umevimba, miguu imevimba. Kanikumbatia kwa nguvu sana, kama mtu anayetaka kulia kwanza ili asilaumiwe. Nikahisi kitu kigumu, mviringo, juu kabisa chini ya mbavu zake. Kichwa. Mtoto hajageuka, miguu ndiyo iko chini. Mikono yangu ilijua kabla yangu. Nikamwachia, nikamwonyesha pa kukaa. Sikusema. Hakuna aliyeniuliza.

Kaka kasali sala ndefu, akaunganisha na hotuba. Familia ni timu. Aliyeanguka ainuliwe. Aliyekosewa asahau, maana kusahau ni afya. Alinitazama pale kwenye afya. Fundi kiti chake karibu na jikoni, nilimpangia mwenyewe. Aliinua uso mara moja, akakutana na picha ya binti yake, na baada ya hapo hakuinua tena. Alikula sahani yake yote akiwa ameinama kama anatafuta shilingi sakafuni. Nilipopita nilimwongezea nyama, tena paja, nikamwambia kula, shemeji, mbona huangalii mbele? Nilifurahi. Siwezi kuandika vingine, nilifurahi.

Kisha Mama akagonga glasi kwa kijiko. Ana jambo. Mtoto huyu akiwa wa kike, anasema, tumekubaliana aitwe —

Akalitaja. Jina la mwanangu. Mimi mwenyewe silitamki tangu siku ile, hata hapa siliandiki, yeye kalitaja na mfupa mkononi.

"Ili lisipotee," akasema.

Mdogo wangu kanitazama na machozi yanamlengalenga, uso wa mtu aliyekuletea zawadi anasubiri uifungue. Fundi, bado kainama, kasema taratibu: "Alikuwa mtoto wangu pia." Ndilo neno pekee la kweli lililosemwa leo. Ndiyo maana nilimchukia zaidi.

Nikaweka bakuli la saladi mezani. Nikasema: "Chukueni tu. Mume mlimchukua wa mtumba, jina nalo liwe la mtumba. Halijachakaa, limevaliwa miaka minne tu."

Mke wa Kaka kaziba mdomo. Mdogo wangu kaanza kulia, si kwa sauti, mabega tu. Kaka kaniamuru niombe radhi, kama niko mstarini asubuhi shuleni. Mama hakupaza sauti. "Sasa nimeelewa kwa nini alikukimbia," akasema.

Mbele ya wote. Hakuna aliyemwambia Mama, hapo umezidi. Hakuna! Nikaingia jikoni, nikatoka na keki, nikawakatia. Wakala. Nawaapia — namwapia nani? — wote wakala. Shangazi kaomba kipande cha kufunga.

Baada ya hapo sikukuu ikafa. Walianza kutafuta viatu. Kaka kapakia wa kwake, kaondoka bila kuaga. Mama na Shangazi, Fundi ndiye kawapeleka, njia yote ile ndefu mpaka kwa Mama na kurudi. Mdogo wangu kasema mgongo unamuuma, ajinyooshe kidogo. Kalala kitandani kwangu. Fundi kaniambia, kwa heshima zote, nitarudi kumchukua jioni, shemeji. Kaondoka kasahau simu yake kwenye chaji.

Nikabaki na sahani. Nilikuwa nasuuza masufuria niliposikia ananiita. Nilikwenda nikijifuta mikono kwa aproni. Amekaa ukingoni mwa kitanda, shuka limelowa.

"Dada, nimejikojolea?"

Nikamwambia hapana. Chupa imepasuka.

"Lakini bado, Dada. Bado majuma."

Nikamwambia watoto hawasomi kalenda. Akacheka! Katika hali ile akacheka, kama tulivyokuwa tukicheka tukilala kitanda kimoja, miguu yake baridi tumboni kwangu. Nilimlaza, nikanawa, nikavaa glavu, nikampima. Njia imefunguka nusu. Nikatafuta kichwa, ingawa nilijua hakipo.

Kisigino. Kisigino kidogo kabisa, kinateleza kwenye ncha ya kidole changu.

Hii si ya nyumbani. Hii ni ya chumba cha upasuaji, na ni ya sasa hivi. Kamba ya kitovu ikitangulia tu, mtoto hana dakika nyingi, na mama yake akianza kuvuja damu hapa, mimi na taulo zangu hatutamsaidia. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza angenijibu hivyo bila kufikiri.

"Kila kitu kiko sawa?" akauliza. Amenishika mkono. Ana kiganja cha Mama.

"Kila kitu kiko sawa," nikasema. "Lala kwa ubavu. Usisukume. Nakuja."

Nikatoka. Nikanawa tena. Nikakaa hapa kwenye meza ya jikoni, katikati ya sahani zao, nikafungua daftari.

Simu yangu iko hapa kando. Dereva wa gari la wagonjwa yuko zamu leo, tuliagana naye juzi kazini, namba yake naijua kwa kichwa. Akiitwa anafika upesi, barabara leo ni nyeupe.

Ameniita. Sauti imebadilika, sasa ni ile inayotoka tumboni.

Ameniita tena.

Nimalizie kwanza mstari huu