Sonara Aliyenunua Namba

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi saa kumi alasiri mnada unafungwa, na mimi tangu mwanzo wa juma sijatulia, nikiketi nasimama, nikisimama natazama simu.

Mimi ni sonara, miaka kumi na tisa nakaa mbele ya moto na koleo, na madini nayajua kwa kuyashika tu. Mwaka jana mteja mmoja alinionyesha sarafu ya zamani iliyofungwa ndani ya kikasha cha plastiki, juu yake pamebandikwa namba, akanieleza kwamba kuna kampuni zinazokagua sarafu na kuzipa alama, ya juu kabisa ni sabini, na kwamba huuzwa minadani mtandaoni. Nikaanza kwa kutazama, kisha nikanunua ya sitini na mbili, kisha ya sitini na nne, na kila nikinunua naona haitoshi kwa sababu ipo inayoizidi, mpaka ikaja ya sitini na sita, na katika mnada ule kulikuwa na mtu anayejiita Mwewe, nikiweka dau naye anaweka, nikipandisha naye anapandisha, nikasema moyoni huyu leo hanishindi, na kweli hakunishinda, nikaipata kwa bei iliyo mara nne ya bei ya sarafu kama hiyo, yenye alama hiyohiyo, iliyouzwa mwezi mmoja kabla.

Pesa hizo tuliziweka mimi na mke wangu kwa miaka mitatu ili akodi chumba chake cha kushonea, maana hadi leo anashonea katika baraza ya watu, na mvua ikinyesha huacha cherehani akakimbilia kufunika vitambaa vya wateja kwa turubai. Chumba tumekwisha kukiona, amekwisha kupima kwa futi yake mahali pa meza ya kukatia, na mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka Jumatatu hii inayokuja.

Sasa sikia nilichofanya. Niliitazama ile sarafu kwa kioo changu cha kukuzia nikaona inastahili sitini na saba, na bei ya sitini na saba ingerudisha kila kitu, basi nikakivunja kikasha ili niitume ikaguliwe upya, na kabla sijaituma nikaona kivuli cheusi ukingoni, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kitambaa cha kung'arishia, nikapitisha mara mbili tu, kama ninavyofanya kwa pete ya mtu yeyote. Imerudi bila namba, wameandika kwamba imesafishwa, na wakusanyaji sarafu iliyosafishwa hawaitaki.

Sonara mwenzangu wa meza ya pili alicheka hadi akashika mbavu, akaniambia, "Ndugu yangu, umelipia kikasha, ukakivunja." Mke wangu hajui lolote. Juzi aliniuliza imekuwaje nikaunguza mkufu wa mteja, nikasingizia moto, akasema, "Baba watoto, siku hizi ukikaa nami unakaa na simu." Jumamosi inauzwa ya sitini na saba yenyewe, nimekwisha kuweka dau kwa pesa zilizobaki, na Mwewe yumo. Nikiipata nikaiuza kwa faida, kodi itapatikana na hakuna atakayejua. Je, nimwambie sasa nimwumize, au nisubiri Jumamosi ipite?

Ni mimi, sonara nisiyelala

Sonara, marahaba.

Pole nakupa moja, nayo ni ya kile kitambaa. Mkono uliofunzwa kazi miaka kumi na tisa hufanya ulichofunzwa. Lakini kidole kilichokuwa kikibonyeza dau hakikufunzwa na mtu, na hicho sikipi pole.

Umeniandikia barua ndefu. Nimesoma namba zote, na mpaka sasa sijui sarafu yenyewe ina picha ya ndege, ya mfalme au ya jani la mti. Wewe unayejua madini kwa kuyashika umenunua kitu ambacho hakishikiki, kisha umekipenda kwa sababu mtu mwingine alikitaka. Unasema Mwewe hakukushinda. Huenda Mwewe ni mtu kama wewe, huenda ni muuzaji mwenyewe, haidhuru. Siku uliyoshinda, kila aliyeitaka sarafu hiyo alikuwa amekwisha kusema kwamba haifai bei hiyo. Ukabaki wewe peke yako.

Halafu fikiri, mwanangu. Mnada unafungwa Jumamosi, kodi inatakiwa Jumatatu. Sarafu itafika lini, na utamwuzia nani kwa siku moja? Hujapanga kulipa kodi. Umepanga kucheza tena. Wala usiniambie kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Maji yakiwa ya moto, mwenye akili huvaa nguo zake akaondoka.

Waandikie wenye mnada leo hii uwaombe waliondoe dau lako. Wakikataa, usiongeze hata senti moja; mwachie Mwewe mawindo yake. Zile mbili za mwanzo ziuze kwa bei utakayopewa, si kwa bei unayoiota. Pesa zilizobaki mkabidhi mke wako mkononi, leo, nyumbani, si barazani mbele ya wateja wake. Jumatatu nendeni wote wawili kwa mwenye nyumba mkaombe kulipa nusu mwaka, na kuomba uombe wewe. Mkeo siye aliyepoteza pesa. Mwenye nyumba akikataa, chumba kitakuwa kimekwenda, na kosa litakuwa lako lakini halitakuwa la siri. Mficha uchi hazai.

Unaogopa kumwumiza. Amekwisha kuumia, asichokijua ni sababu tu. Atakuuliza bei. Taja ile uliyolipa, si ile unayotumaini kuuzia, kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize.