Kikohozi cha Getini

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua umeitikia, hata kama ni kwa kununa, maana sijawahi kukuona ukiiacha shikamoo ya mtu idondoke chini. Mgongo unaendeleaje? Bado unainama juu ya meza ya karakana kutwa nzima, au hatimaye umekubali kukalia kiti chenye egemeo? Na macho je, pamoja na ule moshi wa kulehemu? Mimi huku ni mzima. Nakula, nalala, na sijakonda kama ulivyotabiri.

Naandika kwa sababu simu zangu hupokei, na ukipokea unasema sawa, kisha unakata kabla sijafika kwenye neno. Barua haikatwi katikati. Unaweza kuichana, lakini wewe ni fundi, na hujawahi kutupa kitu kabla ya kukifungua uone ndani kuna nini. Kwa hiyo nina hakika utaisoma mpaka mwisho, hata kama ni kwa kutafuta hitilafu.

Siku niliyokuambia kwamba naacha masomo ya umeme naenda kusomea filamu, uliniambia nisome ninachotaka, ila nyumba yako nisije nikaitia kwenye sinema zangu. Nilinyamaza, nawe ukachukulia kwamba nimekubali. Sikukubali, baba. Nilikosa tu la kusema siku ile, na mimi nikikosa la kusema huwa nalitafuta mpaka nalipata.

Mwezi huu tumepewa kazi ya kutengeneza mwanzo wa filamu. Si filamu nzima, ni ule mwanzo tu, dakika chache za kumfanya mtazamaji asiinuke kwenye kiti. Mwalimu wetu, mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia shingoni ambayo sijawahi kumwona akiivaa, alitupa sharti moja: mtu yeyote asiseme neno, na bado mtazamaji ajue nani anataka nini na nani anamzuia. Tuliwekwa kwenye vikundi. Kwetu kuna kijana tunayemwita Jenerali kwa sababu anapenda kutoa amri, na mpiga picha tunayemwita Jicho Moja kwa kuwa hata akila hufumba jicho la kushoto. Kuna pia binti wa sauti, jina lake Kimya, maana hilo ndilo neno analolisema kuliko yote. Wa nne ni mimi, na jina langu unalijua kwa kuwa ni wewe uliyenipa.

Tulijifungia kwenye stoo ya vifaa kutafuta wazo. Utaratibu wa pale ni kwamba anayesema anashika roli la gundi ya karatasi mkononi, na wakati ameishika hakuna ruhusa ya kumwambia hapana. Unaruhusiwa kuongezea tu. Ukithubutu kusema hapana, unabeba stendi ya kamera wiki nzima, na ile stendi ni chuma kitupu. Jenerali alianza na mtu anayekimbia kwenye uchochoro. Tukaongezea mkoba. Tukaongezea damu kwenye mkoba. Jicho Moja akaleta saa ya kengele inayolia, mtu anaamka, anapiga mswaki, anajitazama kwenye kioo. Tulipompelekea mwalimu alisema amechoka kuwatazama watu wakipiga mswaki, na kwamba kwa mbio alizokwisha kuonyeshwa mwaka huu angekuwa amezunguka dunia. Alitaka kujua kama kati yetu hakuna hata mmoja aliyewahi kuogopa kitu cha kweli.

Tulirudi stoo tumenywea. Gundi ikapita mkono kwa mkono, ikanifikia mimi. Nikaishika, mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema: ni alasiri, mwanamke na watoto wawili wako sebuleni, wanaipepea televisheni.

Hakuna aliyesema hapana, kwa woga wa stendi, lakini nyuso zao niliziona. Kimya akauliza kwa nini mtu aipepee televisheni, ina homa? Nikawaambia ndiyo, ina homa, na mwenye nyumba akirudi ataipima.

Basi nikawaeleza yote. Nikawaambia juu ya fundi mmoja ambaye mtaa mzima humletea televisheni zao zikiugua, anazifufua, anazirudisha zikiimba, halafu kwake mwenyewe televisheni haiwashwi ila kwa taarifa ya habari. Ukimuuliza sababu anasema yeye ameona matumbo ya kile chombo na humo ndani hamna kitu, na mtu anayekikodolea macho anakitazama kitu ambacho hakipo. Nikawaeleza kwamba alikuwa akiingia, kabla ya kuvua viatu, kabla ya maji ya kunywa, anapeleka kiganja kwenye kisogo cha televisheni. Kiganja kile kingeweza kukuambia chombo kimezimwa saa ngapi. Ikiwa na joto, watoto walipiga magoti kutwa nzima iliyofuata, na mama yao akasemwa mpaka chakula kikapoa.

Nikawaambia na upande wetu, ule usioujua. Kaka alikaa dirishani. Mimi nilishika mfuniko wa ndoo, ndio uliokuwa na upepo mzuri. Mama alilowesha kitambaa, akakikamua, akakibandika kwenye kisogo cha televisheni kama anavyombandika mtoto mwenye homa. Kisha kile kitambaa cha kufuma cha kuifunikia televisheni kikarudishwa juu, pembe moja ikining'inia kidogo upande wa mlango, kama ulivyokiacha asubuhi. Tulikuwa tunaujua mkunjo wa ile pembe kuliko tulivyojua hesabu za shule. Kisha tunasikia kikohozi chako getini, kila mtu anashika kitabu, mimi mara nyingi nikiwa nimekishika juu chini.

Kumbuka pia ile kutu, baba. Kila baada ya muda ulikuwa ukiifungua televisheni yetu unakuta kutu, unashangaa chombo kisichotumika kinapataje kutu. Ukalaumu ukuta, ukaisogeza meza. Ukalaumu paa, ukapanda juu na kopo la lami kuziba tundu ambalo halikuwepo, mama akiwa chini amekushikia ngazi. Paa lile halijawahi kuvuja. Ni kitambaa cha mama. Nilipofika hapo Kimya alicheka mpaka akakaa chini, na nilifurahi kwamba amecheka, maana sisi tulikuwa hatuwezi kucheka wakati ule.

Wazo likapita. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akasema hilo ndilo. Lakini akatuuliza swali moja lililotugawa. Alitaka kujua, baba yule akiweka kiganja chake na kukuta pamepoa, anajua au hajui? Kwa sababu, alisema, kama hajui, hii ni filamu ya watu wanaomdanganya mtu. Kama anajua, ni filamu nyingine kabisa, na mkono ule utanyanyuka kwa namna nyingine. Jenerali akasema anajua. Jicho Moja akasema hajui. Wakanigeukia mimi, mtoto wa nyumba ile.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho kitakachokukasirisha, na sitakizungushia maneno. Nilimpigia mama. Mama hayuko kwa mama mdogo kama alivyokuaga, baba. Mama mdogo haumwi hata mafua. Mama yuko hapa kwangu, amelala kitanda changu, mimi niko chini kwenye mkeka, na hii ni nafasi ya kukuambia kwamba yule mwanamke anayeipepea televisheni kwenye filamu yangu ni yeye mwenyewe. Sikumshawishi. Nilimwomba anieleze tu jinsi alivyokuwa akikikunja kitambaa, akaniambia mambo kama hayo hayaelezeki kwa simu, na kesho yake akashuka stendi ya basi na kitambaa kwenye mkoba. Kile kile. Alikuwa amekitunza.

Laiti ungemwona. Tulitafuta televisheni yenye kisogo, si hizi za siku hizi nyembamba kama sinia, tukaipata kwa muuza vyuma chakavu. Jenerali akaanza kutoa amri, mama apepee kwa mbele ili uso wake uonekane. Mama akamwambia mwanangu, joto hutokea juu, nyuma, kwenye matundu; ukipepea mbele unapepea watu. Jenerali akanyamaza, jambo ambalo sisi limetushinda tangu muhula uanze. Mama alirudia pale mara nyingi bila kuchoka, na kila Jicho Moja alipozima kamera aliuliza kama turudie tena. Sikuwahi kumwona mama yangu akifurahia kazi kiasi kile. Nilimwona na nikakasirika, nakuambia ukweli. Nilikasirika kwamba mikono yenye ufundi namna ile iliishia kupoza chuma.

Jioni nilimuuliza lile swali la mwalimu. Mama alikuwa anakunja kitambaa chake. Akasema, kwani wewe ulikuwa hukisikii kile kikohozi? Akanikumbusha kwamba hujawahi kuumwa kifua maishani mwako. Ulikuwa ukikohoa getini tu, tena unakohoa kwa kituo, kisha unasimama mlangoni unahangaika na ufunguo. Akaniuliza, fundi anayefungua skurubu ndogo kama chembe ya mchele anashindwaje na kufuli lake mwenyewe? Kwa maneno yake, mtu anayekuja kufumania watu hakohoi.

Baba, mimi sikulala. Mama anaamini ulijua, na anasema hivyo kwa upole, kana kwamba ni zawadi uliyokuwa ukimpa. Mimi sikubali. Siku ulizotukuta tumechelewa ulitupigisha magoti kweli, na magoti yangu yanakumbuka. Na kama kweli ulijua, basi nina hasira kuliko kama hukujua. Ulijua, ukatuacha tupepee? Ulimsikia mke wako akikimbia na kitambaa, ukasimama nje unazungusha ufunguo, kwa sababu kusema tu kwamba washeni, tazameni, kulikuwa kugumu kuliko kupanda paa na kopo la lami? Sitaki kuamini hivyo. Lakini kikohozi nakisikia hata sasa naandika, na siwezi kukieleza kwa namna nyingine.

Kwa hiyo sikiliza. Sikuombi ruhusa. Nyumba yako nimekwisha kuitia kwenye sinema, na sitaitoa. Hata ukisema nisikanyage kwako, sitaitoa. Nililelewa humo, nilipepea humo, na ni yangu pia. Mama naye ananiambia nikuandikie kwamba atarudi Jumapili, na akirudi ataiwasha televisheni mchana kweupe, na hatalowesha kitu.

Filamu imebaki picha moja tu, ya kiganja. Tulijaribu mkono wa Jenerali, unapiga kama anayepiga mlango. Tulijaribu wa Jicho Moja, unapapasa kama anayetafuta swichi. Mwalimu alituambia tumtafute mwigizaji mtu mzima, nikamkatalia mbele ya darasa, na adhabu ya stendi naitumikia mpaka leo. Mkono mwingine sitaupiga picha. Jumamosi asubuhi chumba ni chetu. Mlango tumeutengeneza, una ufunguo, na televisheni itakuwa imewashwa asubuhi nzima, kisha mama ataipepea. Njoo. Kohoa, fungua, weka kiganja chako, ukinyanyue. Husemi neno lolote, hilo ndilo sharti la mwalimu, na nafikiri linakufaa. Kamera itakuwa karibu sana. Mama atakuwa anatazama, na mimi nitakuwa natazama, na safari hii tutaona ulijua au hukujua.

Usipokuja, filamu itaishia kwenye kikohozi nje ya mlango, na mlango hautafunguka.

Wasalimu mafundi wote wa karakana na majirani wanaoniulizia. Kaka nimemwandikia, anasema yeye alikuwa akikuona ukisimama getini kabla ya kukohoa, na hakutuambia. Mama anakusalimu sana. Anauliza kama unakula, na anasema mfuniko wa ndoo uko nyuma ya mlango wa jikoni, uje nao, kwa sababu huu wa hapa hauna upepo.

Mimi binti yako,
uliyeniita Fyuzi kwa sababu naungua upesi,
na bado sijazimika.